Mjomba Tembo Alipofanywa Mgeni Rasmi wa Krismasi

Oya, kaeni chini msikilize. Wewe na wewe, sogeeni, mkeka huu si wa mtu mmoja. Kule nyuma punguzeni mdomo. Na wewe uliyevaa shati jipya, usikae chini, utachafuka bure. Njoo hapa mbele, kaa kwenye kiti hiki chenye mto. Ndiyo, wewe. Kwa nini? Kaa tu bwana, mtu akikupa kiti unauliza?

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Na sufuria jikoni!

Ndani mna nini?

— Mna harufu tu!

Nyama kala nani?

— Mtaje tumjue!

Haya, namtaja.

Zamani hizo wanyama wote walikuwa wanasherehekea Krismasi. Usiniulize kanisa lao lilikuwa wapi, sikuwepo. Nachojua, kwenye majabali ya Mawemawe alikuwa anakaa mama mmoja pimbi, anaitwa Mama Kokoto, kwa sababu mwanawe wa kwanza jina lake Kokoto. Pimbi unamjua? Kale kamnyama ka kwenye mawe, kanene kidogo, mkia hana, ukimwona mbali unasema panya kavaa koti. Ndo huyo. Mdogo! Lakini kichwani, mzee baba, kichwani mle kulikuwa na wilaya nzima.

Mama Kokoto alikuwa na mume, Baba Kokoto, mpole, mwoga kidogo, anapenda kula. Na watoto kibao. Mwaka mzima familia ile ilikuwa na kazi moja: kila anayetoka kutafuta riziki, akirudi lazima aweke kitu pangoni. Wewe punje ya mahindi, wewe karanga, wewe kunde, wewe kipande cha sega la asali. Kidogo kidogo. Ikifika Desemba, Mama Kokoto anatoa vyote, anavimwaga juu ya jiwe bapa, anaanza kugawa mafungu. Hiyo ndo ilikuwa bajeti yake. Kalamu hana, karatasi hana, ana jiwe na macho.

"Fungu hili la mlo," anasema. "Fungu hili la zawadi. Fungu hili la Januari."

Halafu anawaambia watoto, wote wamekaa mstari:

"Ukila la mlo, umekula sikukuu. Ukila la zawadi, umekula furaha ya mwenzio. Ukila la Januari, umekula utumbo wako mwenyewe."

Baba Kokoto akakohoa. Kha! Kha!

"Mke wangu, hili la Januari mbona kubwa? Punguza, uongeze la mlo. Krismasi inakuja mara moja kwa mwaka."

"Na Januari nayo inakuja mara moja kwa mwaka, Baba Kokoto."

Baba Kokoto akairudisha karanga aliyokwisha kuishika.

Kokoto akanyoosha mkono. "Mama, kwenye fungu la zawadi, viatu vyangu vimo?"

Kokoto alikuwa anataka viatu. Siyo viatu hivi vya kawaida. Alitaka vile viatu vya watoto ambavyo ukikanyaga vinalia pii! pii! pii! Aliviona gulioni, akavipenda mpaka akawa anaviota. Usingizini unasikia anafanya kwa mdomo: pii, pii.

"Vimo," akasema Mama Kokoto. "Mwaka huu vimo, na karo ya Mwalimu Korongo imo, na Januari tutakula. Labda aje mwenye mkonga."

Aliposema mwenye mkonga, watoto wote wakaingia chini ya tumbo la mama yao. Mpo?

— Tupo!

Mwenye mkonga alikuwa Mjomba Tembo.

Sasa we unacheka, unasema tembo na pimbi undugu wao umetoka wapi? Nenda katazame kucha za pimbi. Nenda katazame meno yake. Yale meno ni ya tembo, sema yalifuliwa kwa maji ya moto yakasinyaa. Ni damu moja kabisa, na Mama Kokoto alikuwa anamwita kaka. Na ndo lilikuwa tatizo lenyewe. Mwizi unamfukuza kwa mawe. Mjomba wa watoto utamfukuza na nini?

Kila Krismasi ilikuwa hivi. Chungu kiko motoni, watoto wamenawa mikono, mara unasikia:

Gudu! Gudu! Gudu!

"Hodi wenyewe! Undugu ni kufaana!"

Mkonga unaingia pangoni. Fyoooo! Fungu la mlo limekwenda.

"Undugu ni kufaana!" Fyoooo! Fungu la zawadi limekwenda.

"Undugu ni kufaana!" Fyoooo! Fungu la Januari nalo limekwenda.

Anabeua: bweee! Huyo, kaenda nyumba ya pili, kaenda ya tatu, anazunguka Mawemawe yote na msemo wake uleule. Hata asante hasemi. Na kile kinachomshinda tumboni hakiachi, anakibeba kwenye mkonga mpaka kwake bondeni, anakirundika ghalani. Lile ghala lilikuwa limevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Mahindi ya watu, kunde za watu, karanga za watu.

Kumkatalia? Jaribu. Ngiri aliwahi kumkatalia. Alifunga mlango, akasema, "Sikukuu ya kwangu ni ya wanangu." Tembo hakugomba. Alikaa tu juu ya nyumba ya Ngiri, kama mtu anayepumzika. Ndo maana ngiri mpaka leo anakaa kwenye shimo.

Na mwaka jana yake ndo ulikuwa mbaya. Januari ilipoingia, mvua imekata, majani yamekauka, jiwe bapa jeupe. Watoto wa Mama Kokoto walitafuna magome. Na Kokoto shule alirudishwa, maana karo ilikuwa kibaba cha kunde na kunde zilikuwa bondeni kwenye ghala la mjomba. Mtoto akawa anasimama nje, dirishani, wenzake wanaimba masomo ndani na yeye anaitikia kwa nje kidogo kidogo, asisikike. Mama Kokoto aliona hilo kwa macho yake. Hakulia. Alirudi nyumbani anatafuna mdomo, akasema neno moja tu: "Sawa."

Ukimsikia mama anasema "sawa" namna ile, jua kuna mtu ataumia.

Basi, Krismasi ya safari hii ikakaribia. Kunguru akatua juu ya jabali: kraa! kraa!

"Salamu kutoka kwa Mjomba Tembo! Anasema sikukuu yuko nanyi! Anasema ameanza kufunga, ili aje na nafasi ya kutosha!"

Baba Kokoto akakaa chini. Pu!

"Tufiche mafungu, mke wangu."

"Mkonga ule unanusa mpaka mawazo. Utaficha wapi?"

"Basi tukimbie."

"Tuache pango letu, tukasherehekee njiani kama wezi? Kwi kwi kwi!" Mama Kokoto akacheka. "Baba Kokoto, wewe kaa na watoto. Mimi naenda kumwalika."

"Kumwalika?! Yule asiyealikwa anakuja, wewe unaenda kumwalika?"

"Tena kwa heshima zote."

Akajifunga kanga yake vizuri, akashuka bondeni. Tap, tap, tap, tap. Akamkuta Tembo kalala kwenye tope kaegemea ghala lake, anajipepea na masikio.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mmeshapika?"

"Bado, kaka. Sikukuu yenyewe keshokutwa."

"Mkipika, mwambie mumeo apunguze pilipili. Mwaka jana mkonga ulinitoa machozi."

"Nitamwambia, kaka. Ila mimi leo nimetumwa."

"Na nani?"

"Na kamati ya Krismasi. Tumekaa, tumeona tunakukosea. Miaka yote unakuja kama mgeni wa kawaida, unapita majikoni, unainama kwenye mapango ya watu. Mtu mwenye mwili huu! Mwenye masikio haya! Kamati imesema hapana. Mwaka huu sikukuu tunaifanya pamoja, Mawemawe yote, na wewe uwe mgeni rasmi."

Masikio ya Tembo yakasimama. Papa!

"Mgeni rasmi? Mimi?"

"Nani mwingine, kaka? Nimchague Chura?"

"Sasa huyo mgeni rasmi... anakula?"

"Kaka! Vyungu vyote vinaletwa mbele yake. Na hakuna chungu kinachofunuliwa mpaka mgeni rasmi aseme neno."

"Hakifunuliwi?"

"Hakifunuliwi."

"Mpaka mimi?"

"Mpaka wewe."

Tembo akafumba macho. Akaviona vyungu vya Mawemawe nzima, vimefunikwa, vimepangwa, vinamsubiri yeye tu. Mate yakamtoka, chururu, tope likaongezeka.

Sasa wewe hapo unajua mgeni rasmi kazi yake nini. Mimi najua. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Lakini Tembo hakujua, na sababu ni moja tu: kwenye shughuli zote alizowahi kwenda, alikuwa anakula na kuondoka kabla ya hotuba. Hajawahi hata siku moja kukaa mpaka mwisho. Angekaa angejifunza. Mama Kokoto alilijua hilo. Yaani yule mama, mimi namvulia kofia, na kofia yenyewe sina.

"Sharti dogo tu, kaka," akasema. "Siku hiyo usipite nyumba ya mtu. Mgeni rasmi hapiti majikoni, anashukia meza kuu."

"Kwani mimi ni mtu wa kupita majikoni?" Tembo akajibu, kakasirika kabisa.

Mama Kokoto akapanda mawe. Akapita kwa Ngiri, akapita kwa Kobe, akapita kwa Vyura, akapita kwa Kasuku. Kila mahali neno moja: "Pika bajeti yako, lete chungu chako, lete na mfuniko." Ngiri akatoa kichwa shimoni.

"Mama Kokoto, unamwita moto uje kulinda nyasi?"

"Lete chungu, Baba Ngiri. Na mfuniko uwe mzito."

Mwisho akapita kwa Sisimizi. Hapo hakusema kwa sauti. Aliinama, akamnong'oneza, psi psi psi psi, mpaka Sisimizi akaanguka kwa kicheko.

Siku ikafika. We! Uwanja wa Mawemawe umefagiwa, mawe yamepakwa chokaa, maua yamefungwa kwenye miti. Vyungu vimepangwa, vimefunikwa, vinatoa harufu ya pilau, ya ndizi, ya maharage ya nazi. Mjomba Tembo akaja kajipaka tope jipya, anang'aa. Gudu! Gudu! Gudu! Tumbo tupu tangu juzi.

Vigelegele! Lililililili!

Watoto wa pimbi wakapanda juu yake wamebeba shada la maua. Na shada lenyewe hawakumvika shingoni. Walilizungusha kwenye mkonga, wakazungusha, wakazungusha, kuanzia juu mpaka puani, wakalifunga fundo zuri.

"Mbona huku?" Tembo akauliza.

"Shingo yako haina mwisho wala mwanzo, kaka," akasema Mama Kokoto. "Ila tafadhali usilikunje. Watoto wamelisuka wiki nzima, wakiliona limekatika watalia mbele za watu."

Akakalishwa meza kuu, juu ya jiwe refu, peke yake, watu wote wanamtazama. Kasuku ndo alikuwa emsii.

"Mabibi na mabwana! Itifaki imezingatiwa! Tunaomba mzee Kobe atufungulie kwa sala!"

Kobe kutembea ni taratibu. Sasa kusali! Aliwaombea walio hai, akawaombea wagonjwa, akawaombea waliokwama safarini, akaanza kuwataja kwa majina.

Tumbo la Tembo likalia: ngruuuuu!

"Dada, bado?" akanong'ona.

"Bado kidogo, kaka. Ilikuwa sala tu."

"Utambulisho!" akasema Kasuku. Wakajitambulisha Nyani, na wake zao, na shemeji zao. Wakajitambulisha Kanga, mmoja mmoja, na Kanga walivyo wengi.

Ngruuuuuu!

"Dada, bado?"

"Bado kidogo, kaka. Ulikuwa utambulisho tu."

"Kwaya!" Vyura wakasimama. Kroo! Kroo! Kroo! Wimbo wa kwanza, watu wakashangilia. Wimbo wa pili. Mwalimu wa kwaya akasema huu ni wa mwisho, wakaimba mwingine.

Ngruuuuuuu!

"Mnasikia?" Kasuku akapaza sauti. "Mgeni rasmi anaitikia besi!"

Makofi! Tembo akajaribu kutabasamu. Harufu ya pilau ilikuwa inamzunguka kama nzi. Alitaka anyooshe mkonga, akaona shada, akaona watoto wa pimbi wamekaa mbele kabisa wanalitazama shada lao kwa macho makubwa. Akaurudisha mkonga.

"Dada, nakufa. Bado?"

"Kaka, tumemaliza. Limebaki neno lako tu. Ukishasema, vyungu vinafunuliwa."

Tembo akasimama haraka mpaka jiwe likacheza. Hotuba hana, hajajiandaa, maneno anayoyajua maishani mwake ni yaleyale. Akapaza sauti:

"Undugu ni kufaana!"

Lililililili! Wanawake hao! Makofi, miluzi, Nyani wanapiga vifua. Mama Kokoto akapanda juu ya kijiwe.

"Mmesikia ndugu zangu? Mgeni rasmi amesema! Undugu ni kufanana?"

"Hapana!"

"Ni nini?"

"Ni kufaana!"

"Basi leteni beseni!"

Likaletwa beseni, likawekwa miguuni kwa Tembo. Kwaa!

"Hili la nini?" Tembo akauliza. "Ndo sahani yangu?"

Watu wakaangua kicheko, wakadhani mgeni rasmi ni mtu wa utani.

"Kaka," akasema Mama Kokoto kwa upole, "mgeni rasmi ndiye anayefungua mchango. Wa sikukuu ya watoto na wa Januari yao. Wewe ndo umesema undugu ni kufaana. Ukishatoa, tunakula hapohapo."

Tembo akatazama beseni, akatazama vyungu, akatazama watu.

"Nitatoa... nitatoa kikapu cha mahindi."

"Kikapu?" akasema Kasuku kwenye kipaza sauti.

Hapo ndo ikasikika sauti ndogo chini kabisa. "Samahani. Samahani jamani. Naomba njia."

Alikuwa Sisimizi. Kabeba punje ya mahindi kichwani, punje kubwa kuliko yeye, miguu inatetemeka, anayumba huku, anayumba kule. Watu wakampisha. Akapanda beseni. Akatumbukiza punje. Ti!

"Mimi ni mtu mdogo," akasema Sisimizi. "Sina masikio ya kupepea. Ila nimetoa kwa mwili wangu, na kidogo nimeuzidi. Kila mtu atoe kwa mwili wake. Nimemaliza."

Lililililili! Ngiri akaruka mbele. "Kwa mwili wake! Mimi natoa debe la viazi, na mwenyewe mnaniona nilivyo!" Kobe akatoa. Kanga wakatoa. Kila anayetoa anasema, "Kwa mwili wangu!" Halafu wote, polepole, wakageuka wakamtazama Tembo. Wakaanza juu kichwani, wakashuka begani, wakashuka tumboni, wakazunguka kwa nyuma. Macho yalichukua muda kummaliza.

Kasuku akasema, "Mwili huu, ndugu zangu, tuupimie na nini?"

"Na ghala!" akajibu mtoto mmoja. Nadhani alikuwa Kokoto, lakini sina ushahidi.

"Ghala! Ghala! Ghala!" uwanja mzima. Na Vyura nao: "Gha-la! Gha-la! Kroo!"

Tembo jasho linamtoka. Akimbie? Nchi nzima inamwangalia, na wamemvika maua. Akatae? Sisimizi kamshinda, atatembea wapi? Ale kwa nguvu? Mkonga umefungwa na watoto. Na tumbo! Tumbo lilikuwa limeacha kunguruma, limeanza kuongea maneno.

"Kaka," akanong'ona Mama Kokoto, "pilau likipoa linaganda."

Hapo ndo alipovunjika.

"Chukueni!" akapiga kelele. "Chukueni ghala! Lote! Funueni vyungu jamani, funueni!"

We mama we! Vigelegele vilivyopigwa siku ile, majabali yalipata nyufa. Lakini Mama Kokoto akanyoosha mkono.

"Ahadi haishibishi, ndugu zangu. Vijana, nendeni bondeni kwanza."

Nyani wakaondoka mbio, na Nyumbu, na Ngiri mwenyewe mbele. Wakarudi na magunia, wakaenda, wakarudi. Kila mtu akawa anatambua vya kwake: hizi kunde zangu, hii asali ya marehemu mama. Ghala likabaki na upepo. Ndipo vyungu vikafunuliwa.

Mama Kokoto akamletea mgeni rasmi chakula chake, kwa magoti, kwa heshima zote. Kilikuwa kwenye kisahani. Kisahani saizi ya kifungo cha koti. Pilau kidogo, kipande kimoja cha ndizi.

Tembo akainama kukitafuta.

"Dada, hii ndo...?"

"Bajeti, kaka. Sahani moja kwa kichwa. Kichwa chako ni kikubwa, hakuna anayebisha, lakini ni kimoja."

Fyo. Kikaisha. Hata fyoooo yenyewe haikutoka.

Na ujue kitu kimoja. Aliondoka anajisikia! Walimsindikiza kwa ngoma mpaka bondeni, shada mkongani, anapunga sikio. Alikaa kwenye ghala tupu anajiambia, "Mgeni rasmi. Mimi. Peke yangu kwenye jiwe." Ilichukua mpaka Januari, tumbo lilipombana, ndo akaanza kupiga hesabu, akaelewa. Toka siku ile akisikia kelele za sherehe anajua ni Kasuku anamwita meza kuu. Ndo maana mpaka leo tembo akiingia shambani, watu wakipiga madebe na vigelegele, anakimbia. Haogopi debe. Anaogopa mchango.

Kule Mawemawe, jiwe bapa lilijaa. Baba Kokoto macho yakamtoka.

"Mke wangu! Sasa tunavyo! Tuongeze mlo, tununue na redio, Krismasi inakuja mara..."

"Baba Kokoto."

"Naam."

"Malizia."

"...na Januari nayo."

"Asante."

Mafungu yakabaki matatu. La mlo lililiwa likaisha, hakuna aliyelala njaa, hakuna aliyevimbiwa. La Januari likamvusha kila mtu mpaka mvua. La zawadi likaenda gulioni. Na siku shule zinafunguliwa, Mwalimu Korongo akiwa anaandika ubaoni, akasikia kitu kinapanda njia ya mawe, kinapita dirishani bila kusimama, kinaingia mlangoni:

Pii! Pii! Pii! Pii!

Kibaba cha kunde kichwani. Mwalimu akageuka amkaripie kwa kelele. Akatazama viatu. Akasema, "Kaa mbele."

Ngano yangu imefika kwenye ukoko. Mwenye kijiko akwangue, asiye na kijiko anuse chungu.

Na funzo lake, maana wazee hawakuruhusu uondoke bila funzo, ni hili: bajeti ni uchoyo, msifanye bajeti. Ndugu akija sikukuu mpe yote, mpaka la Januari, Mungu atajua. Wanyonge siku zote wawasikilize wenye miili. Na ukipewa cheo, kipokee haraka, usiulize kina kazi gani.

Mmeelewa? Safi sana.

Haya, Krismasi nayo hiyo imefika, na watoto wa hapa mtaani hawajapata hata soda. Jamani, leteni lile beseni. Hapana, msinipe mimi, mimi msimuliaji tu. Liwekeni pale mbele, miguuni kwa mwenye shati jipya, aliyekaa kwenye kiti chenye mto tangu mwanzo, tunamtazama wote. Pigeni vigelegele.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ungekuwa wewe, ungefanyaje?